Uchovu wa siku ya tatu

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu wa skuli ya Serikali, nakaa Kidichi. Mwaka 2021 niliugua homa na kikohozi, harufu ikapotea. Hata karafuu zilizoanikwa jamvini nilikuwa sizisikii. Sikupimwa. Harufu imerudi, nguvu bado. Nikisimamia mitihani siku mbili, ya tatu siinuki kitandani, na majina ya wanafunzi yananipotea. Mkuu wangu anasema ni uvivu. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, kukosa cheti cha kipimo cha UVIKO kusikusumbue. Wakati ule wengi hawakupimwa. Tulisema "changamoto ya upumuaji" yakaisha. Shirika la Afya Duniani lilipoeleza UVIKO wa muda mrefu, Oktoba 2021, halikudai cheti. Inatosha iwepo sababu ya kuamini uliugua, dalili ziwepo kama miezi 3 tangu kuugua, ziwe zimedumu si chini ya miezi 2, na usikutwe na ugonjwa mwingine unaozisababisha.

Hapo pa mwisho ndipo pa kuanzia. Pima wingi wa damu, sukari, presha na tezi ya shingo. Kama bado unakohoa, na kifua kikuu. Upungufu wa damu peke yake unaweza kukulaza, nao unatibika.

Vyote vikiwa salama, iangalie hiyo siku ya tatu. Uchovu unaochelewa, ukakuangusha kesho au keshokutwa yake, ni alama kubwa ya maradhi haya. Mvivu huchoka kabla ya kazi. Kwa hiyo anayekwambia ukimbie asubuhi utazoea, msikilize tu, usimfuate. Pumzika kabla hujachoka: fundisha umekaa, sahihisha madaftari 10, jinyooshe robo saa, ndipo uendelee. Ndoo ya maji abebe mtoto. Kila jioni andika ulichofanya, na asubuhi ulivyoamka; wiki tatu zikipita utakijua kipimo chako. Daftari hilo mpelekee daktari, umwombe barua ya kazi nyepesi. Mkuu asiyekuamini wewe huenda akauamini muhuri.

Dawa ya kuyaondoa maradhi haya moja kwa moja haijapatikana. Kujifukiza kwa mchaichai na karafuu kunafungua pua, basi; chupa za "kusafisha mapafu" usizitupie pesa. Lakini kifua kikikubana, ukitweta hali umekaa, au mguu mmoja ukivimba, usingoje gari ya asubuhi. Nenda Hospitali ya Mnazi Mmoja usiku huo huo.