JUMANNE: Dinari Moja kwa Wote

Soma kwa ajili ya somo hili: Mathayo 19:27–20:16, Kumbukumbu la Torati 24:14, 15, 1 Samweli 30:21–25, Luka 15:25–32, Warumi 4:4, 5, Yakobo 5:4.

Mfano huu ulikuwa jibu kwa Petro. Kijana tajiri alikuwa ameondoka kwa huzuni, na Petro akamkumbusha Yesu kwamba yeye na wenzake walikuwa wameacha vyote. Je, wangepata nini? Yesu aliwaahidi mengi, lakini akaongeza onyo juu ya walio wa kwanza na walio wa mwisho (Mathayo 19:30). Kisha akasimulia habari za mwenye shamba la mizabibu, na kumalizia kwa onyo lilo hilo.

Soma Mathayo 20:1–7. Wafanyakazi wa kwanza walipatana nini na mwenye shamba? Wa saa tatu waliahidiwa nini?

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuzigeuza saa za mfano huu, kwa maana Wayahudi walihesabu saa za mchana kuanzia macheo. Saa kumi na moja ilikuwa imebaki saa moja tu jua lichwe. Dinari, sarafu ya fedha ya Kirumi, ilikuwa ujira wa kawaida wa kibarua kwa siku nzima. Torati iliagiza alipwe siku ile ile, kwa kuwa ni maskini na anautegemea ujira huo. Kwa hiyo kusimama sokoni mchana kutwa hakukuwa mapumziko. Asiyeajiriwa aliwaza watoto wake watakula nini jioni. Malipo ya saa moja, sehemu moja ya kumi na mbili ya dinari, yasingeitosha nyumba yake.

Soma Mathayo 20:8–12. Kwa nini walioajiriwa mwisho walilipwa kwanza?

Kama wa alfajiri wangelipwa kwanza, wangekwenda zao wakiwa wameridhika. Dinari yao haikupungua hata kidogo. Kilichoigeuza kuwa ndogo machoni pao ni kuona iliyowekwa mkononi mwa jirani. Walilalamika kwamba wenzao wamefanywa kuwa sawa nao.

Mwenye shamba alijibu kwa upole, akimwita mmoja wao rafiki. Kwanza, alionyesha kwamba haki imetimizwa, kwa kuwa mapatano yalikuwa dinari moja. Pili, alionyesha kwamba wema wake hauwezi kuitwa dhuluma. Kisha akalitaja jicho ovu, msemo wa Kiebrania wa uchoyo na wivu (linganisha Kumbukumbu la Torati 15:9).

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Mwajiri asiutumie mfano huu kumpunja kibarua, akisema fedha ni yake na ataigawa apendavyo. Mwenye shamba hakushuka chini ya haki; alianzia kwenye haki, kisha akapanda juu yake. Yakobo 5:4 huonya kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na Mungu husikia kilio hicho. Neema haifuti deni la mshahara.

Daudi aliielewa kanuni hii. Watu mia mbili waliochoka walibaki kijito cha Besori wakilinda vyombo, na baadhi ya waliopigana hawakutaka kuwagawia nyara. Daudi alikataa, kwa sababu ushindi wenyewe Bwana ndiye aliyewapa. Aliyepokea zawadi hana msingi wa kumnyima mwenzake.

Wokovu nao ni hivyo. Paulo anatenganisha ujira, ambao ni deni, na haki ihesabiwayo kwa imani kwa yeye asiyetegemea matendo yake (Warumi 4:4, 5). Mshiriki aliyetumika kanisani miaka arobaini na mzee aliyebatizwa akiwa kitandani mwa wagonjwa wanaupokea uzima ule ule. Je, miaka arobaini imepotea? Hapana. Kufanya kazi na Bwana tangu asubuhi ni baraka kuliko kusimama siku nzima bila bwana. Ndugu mkubwa katika Luka 15 alikosa kuona hilo. Alikuwa na baba yake siku zote, akaihesabu miaka hiyo kuwa utumwa.

Wala mfano hauruhusu kukawia. Watu wa saa kumi na moja hawakukataa mwito wa asubuhi. Walisema hakuna aliyewaajiri. Walipoitwa, walikwenda.

Maswali ya Kujadili:

1. Washiriki wa zamani hupokeaje habari kwamba mwongofu mpya amepewa wajibu kanisani? Jicho ovu huonekanaje katika baraza la kanisa?

2. Je, yupo mfanyakazi wa nyumbani au kibarua wa shambani anayekudai ujira? Utafanya nini kabla ya Sabato kuingia?

3. Ukijitafuta katika mfano huu, unajiona miongoni mwa walioajiriwa saa ngapi? Kwa nini?