Kipofu Aliyemwongoza Mwenye Macho

Katika nchi ya Kenya, karibu na mji wa Nairobi, kuna mahali paitwapo Kikuyu. Huko alizaliwa Henry Wanyoike mwaka wa 1974. Tangu utoto alipenda kukimbia, akatumaini kuwa siku moja atahesabiwa pamoja na mashujaa wa mbio wa nchi yake.

Lakini mwaka wa 1995 alipatwa na kiharusi usiku. Alilala akiona, alipoamka, giza lilikuwa limemfunika, na nuru iliyobaki machoni ilikuwa haba sana. Alihuzunika mno, akadhani maisha yake yamekwisha.

Baadaye alikwenda Machakos, penye chuo cha vipofu. Huko alijifunza kwanza kazi ya mikono, yaani kufuma sweta. Vidole vyake vikazoea kuhesabu nyuzi pasipo macho. Alipokwisha kujua kwamba aweza kujipatia chakula chake, moyo wa kukimbia ukamrudia.

Je, kipofu hukimbiaje? Hukimbia pamoja na kiongozi aonaye. Wawili hao hushika kamba fupi, huyu ncha hii na huyu ncha ile, nao hupiga hatua kama mtu mmoja. Kiongozi humwambia penye kona na walipo wapinzani. Lakini haruhusiwi kumvuta mwenziwe, wala kumtangulia kufika mwisho.

Mwaka wa 2000 Wanyoike alikwenda Sydney, katika nchi ya Australia, kwenye Michezo ya Paralimpiki, ndiyo mashindano makubwa ya watu wenye ulemavu. Alishindana mbio za mita 5,000. Kumbe, kiongozi wake alikuwa mgonjwa, na walipokaribia mwisho nguvu zilimwishia. Wanyoike hakuweza kumwacha, kwani bila kiongozi asingehesabiwa mshindi. Basi akamkokota hata wakafika wote wawili, naye akapewa nishani ya dhahabu. Siku ile kipofu alimwongoza mwenye macho.

Mwaka wa 2004, huko Athens, alikimbia na Joseph Kibunja, rafiki yake wa tangu utoto. Akapata dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya mita 10,000. Mwaka wa 2008, huko Beijing, alipata nishani ya shaba.

Hata hivyo, nishani hailiwi. Michezo ile huja mara moja katika miaka 4, bali njaa huja kila siku, na miguu ya mkimbiaji huchoka kabla ya umri wake kwisha. Katika nchi maskini wako wengi wenye ulemavu na wenye mbio, wasio na nauli, wala kiongozi, wala kazi ya kushika mbio zikiisha. Wanyoike aliyajua hayo; kwa hiyo ulianzishwa mfuko wenye jina lake, wa kuwasaidia wenye ulemavu na wahitaji.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye mbio apate mwenzi wa kushika naye kamba, na kazi ya kushika kwa mikono yake; ndipo ushindi wake utakapodumu.

Maswali
1. Wanyoike alijifunza kazi gani huko Machakos? Ilimfaa nini?
2. Eleza jinsi kipofu na kiongozi wanavyokimbia.
3. Kwa nini Wanyoike hakumwacha kiongozi wake huko Sydney?
4. Eleza maana ya maneno haya: "Nishani hailiwi."