Mlango wa Kibarazani: wa Tambarare na wa Mlimani

Kijitabu kwa wanaojenga na wanaokarabati nyumba wilayani Same

Kabla ya kuuliza bei ya mlango, mwambie fundi nyumba yako iko wapi. Wilaya ya Same ina hali mbili za hewa. Mjini, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 860, milima huzuia mvua. Jua ni kali, upepo una nguvu na vumbi huingia kila penye upenyo. Ukipanda Mbaga, Suji, Vudee au Chome, kuelekea kilele cha Shengena chenye mita 2,462, unakuta ukungu na nguo zinazogoma kukauka kambani. Mlango wa kutokea sebuleni kwenda kibarazani mara nyingi ndio mpana kuliko yote nyumbani, kwa hiyo ndio unaoumia zaidi. Uliomfaa shemeji yako wa mjini unaweza kukutesa wewe wa Chome kila masika.

Jua linatokea wapi?

Mji wa Same uko magharibi ya milima. Kibaraza kinachotazama mashariki kitakupa milima yenyewe, jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, na hapo hata mlango mpana wa kioo unavumilika. Ukiugeuza magharibi bila paa refu wala mti wa kivuli, sebule haitakalika saa tisa mchana. Kwa wakazi wa Kisiwani, Maore na Ndungu mambo ni kinyume: milima iko magharibi kwao, jua hujificha nyuma yake mapema, na la kukinga ni la asubuhi.

Mbao

Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake. Kwa urefu hubadilika kidogo sana. Mlango uliotengenezwa mlimani kwa mbao zenye unyevu ukishushwa Same mjini husinyaa, paneli zikaachia na mwanga ukapenya kwenye maungio. Uliotengenezwa mjini ukapandishwa Vudee huvimba na kukwama kwenye fremu. Dawa ni mbao kukaushwa vizuri, kisha kukaa kwa muda kwenye hewa ya mahali utakapofungwa mlango, zikiwa kivulini na zimetenganishwa kwa vipande vyembamba ili hewa ipite. Ubao mnene unahitaji miezi. Fundi akikuambia wiki mbili zinatosha, tafuta mwingine.

Tambarare adui ni mchwa. Mninga na mkongo huwastahimili, mradi ni kiini cha mti. Ile sehemu nyeupe ya pembeni huliwa kama mbao nyingine yoyote. Paini inunuliwe ikiwa imetiwa dawa. Kuna mazoea ya kuzika miguu ya fremu ndani ya zege ya sakafu, na huko ndiko mchwa wanakopandia bila kuonekana. Fremu ikalie zege, ishikwe ukutani kwa vyuma. Oili chafu inayopakwa kwenye fremu inanuka, inachafua udongo, na rangi haishiki juu yake.

Mkulo ni mbao nzuri, na ndiyo maana umekatwa sana kwa wizi katika msitu wa Chome. Ukiuziwa mkulo kwa bei ya kutupa bila nyaraka za Wakala wa Huduma za Misitu, huenda unauziwa kesi pamoja na mbao.

Alumini na kioo

Alumini haioti ukungu wala haiwavutii mchwa, lakini nayo hutanuka. Fremu ya mita 2 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi ya lile la alfajiri hurefuka kwa karibu milimita 1.4. Ikibanwa kwa saruji pande zote hupinda, na mlango wa kuslaidi huanza kukwaruza. Acha nafasi ndogo, uizibe kwa silikoni. Saruji mbichi huila alumini, kwa hiyo ile nailoni ya kiwandani isibanduliwe mpaka plasta iishe.

Kuhusu kioo, angalia uzito. Kila mita ya mraba ya kioo cha milimita 6 ina kilo 15. Bawa la mlango lenye upana wa mita 1 na kimo cha mita 2.1 linabeba zaidi ya kilo 31 za kioo peke yake. Vigurudumu vya bei rahisi havidumu chini ya mzigo huo. Omba pia kioo cha usalama kilichoimarishwa kwa moto: kikivunjika kinakuwa punje ndogo, tofauti na kioo cha kawaida kinachotoa vipande vyenye ncha kali. Hakikatiki tena baada ya kuimarishwa, hivyo vipimo vichukuliwe plasta ikiwa imekamilika. Bandika alama kwenye kimo cha macho ya mtoto na ya mtu mzima.

Matunzo

Huku chini kazi kubwa ni vumbi. Safisha reli kwa mswaki wa zamani kila wiki, na zibua matundu ya kutolea maji kabla ya vuli, maana mvua ya kwanza ikiyakuta yameziba, maji hujaa kwenye reli na kumwagikia sebuleni. Usipake grisi. Grisi ikichanganyika na vumbi inakuwa msasa unaokula vigurudumu. Tumia silikoni ya kupuliza, kidogo tu.

Mlimani, paka vanishi au rangi pande zote sita za mlango. Ukingo wa chini husahaulika, na ndiko maji yanakonyonywa. Mlango ukikwama wakati wa masika, usikimbilie randa! Ukiupunguza ukiwa umevimba, kiangazi utabaki na pengo la kupitisha baridi. Subiri ukauke, kisha upunguze panapogusa tu. Bawaba ziwe tatu, za shaba au chuma kisichoshika kutu. Mlango wa chuma ukikwaruzika, upigwe msasa na rangi ya kuzuia kutu mapema.

Wezi na moto

Bawa la kuslaidi linaweza kunyanyuliwa na kutolewa kwenye reli kutoka nje. Fundi aweke vizuizi juu yake. Fimbo iliyolazwa ndani ya reli nayo inasaidia. Grili ni sawa, ila iwe inafunguka, na ufunguo ukae mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapafahamu, mbali na mkono wa anayesimama nje. Moto ukiwaka, toeni watu kwanza, kisha pigeni 114 kuwaita Zimamoto. (Walio jirani na Mkomazi huuliza kuhusu tembo. Hakuna mlango katika kijitabu hiki unaomzuia tembo.)

Siku ya kukabidhiwa

Baki na sehemu ya malipo, kwa makubaliano yaliyoandikwa tangu mwanzo. Fungua na ufunge mlango mara kadhaa kwa kidole kimoja. Mwaga ndoo ya maji kwa nje, usawa wa kitasa, ukaangalie ndani. Sakafu ya kibaraza inapaswa kuwa chini kuliko ya sebule na kuteremkia nje. Maji yakiingia, fundi bado yupo na zana zake ziko pale pale.