Lenzi pana ya bei nafuu: angalia haya kabla hujalipa

Wadau, fremu yangu hapa Holili ni nyembamba. Nikipiga seti ya sofa kwa 18-55mm iliyokuja na kamera, mgongo unagusa ukuta na sofa bado inakatika. Nikatafuta Canon EF-S 10-18mm iliyotumika. Nilichojifunza:

1. Je, inaingia kwenye kamera yako? EF-S ni ya Canon za APS-C kama 700D. Kwenye 6D haifungi. Nenda na kamera, ijaribu hapo hapo.

2. Mulika kioo kwa tochi ya simu. Ukiona ukungu ndani, achana nayo.

3. Usilipie f/2.8. Sofa haikimbii, f/4.5 na stendi vinatosha.

4. Kwenye 10mm, vitu vya pembeni vinavutika. Mteja wa Himo alipokea sofa akaniuliza, "Kaka, mbona fupi kuliko ya kwenye picha?" Ikarudi na kirikuu, nauli juu yangu. Sasa bidhaa naiweka katikati, nazumu hadi 18mm nafasi ikiruhusu, na vipimo naviandika kwa sentimita.

Unauza viatu au vitenge? Hii huihitaji. Baki na 18-55mm, hela ongezea mzigo.