Mwanzo Usiokatisha Tamaa: Somo la Usalama wa Mtandao kwa Njia ya Mchezo



Hapa Hai Mauna, kama ilivyo kule Nimule mpakani, simu imekuwa mkoba wa fedha. Mlaghai hana haja tena ya kuvunja mlango. Humtosha kuipata namba ya siri. Ndiyo maana walimu na viongozi wa vijana wanahimizwa kufundisha usalama wa mtandao kwa michezo ya mafumbo, ambamo mchezaji hupata alama kila afumbuapo ujumbe uliofichwa.

Tatizo huwa mwanzoni. Anayeanza akikutana na fumbo gumu, hunyamaza, kisha huondoka akiamini kwamba elimu hii ni ya wataalamu. Huyo ndiye mlaghai anayemtafuta. Tufanyeje asiondoke?

Kwanza, fumbo la mwanzo liwe jepesi. Andikeni ubaoni TJSJ, mseme kwamba kila herufi imesogezwa mbele hatua moja. Akirudi nyuma hatua moja, atasoma SIRI. Akifurahi, mpeni VLUL, iliyosogezwa hatua tatu. Asiye na simu atumie karatasi.

Pili, msaada utangulie kukata tamaa. Mchezo wa picoCTF, ulioanzishwa mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, huwapa wanafunzi vidokezo vya kuwasaidia kufumbua. Wazee wetu nao walilijua hili: aliyeshindwa kitendawili alitoa mji, akaambiwa jibu, na mchezo ukaendelea. Hakuna aliyelala bila jibu.

Tatu, wachezaji wakae wawili wawili, mzoefu asimnyang'anye mgeni zamu yake.

Nne, fumbo lifungamane na maisha. Wasomeeni ujumbe huu: "Nimekutumia fedha kimakosa, tafadhali nirudishie upesi." Waulizeni: neno gani linatuharakisha? Tuthibitishe wapi kabla ya kutuma? Jibu ni kwamba "upesi" ndiyo chambo; mtu aangalie kwanza salio lake mwenyewe, kisha awasiliane na watoa huduma.

Zoezi la nyumbani: kila mwanafunzi amtungie mzazi wake fumbo moja, naye mzazi akishindwa atoe mji.

Tukumbuke: namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mtumishi wa kampuni ya simu au askari polisi.