Hita Haitoi Joto? Elewa Haibridi Yako Kabla Hujamtumia Fundi Pesa



Ukitoka Machakos mjini saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai, baridi si ya mchezo. Unawasha gari lako la haibridi, tuseme Toyota Aqua, unapandisha joto hadi mwisho, lakini hewa inayotoka ni baridi tupu. Kabla ya kufika Kyumbi umeshampigia fundi, naye anasema tuma pesa, hita imekufa. Ngoja kwanza. Huenda hakuna kilichoharibika.

Kwa magari kama Aqua na Prius, joto na baridi havitoki mahali pamoja. Joto hutokana hasa na maji moto ya injini, kama gari la kawaida. Tofauti ni kwamba haibridi inaweza kuondoka kwa betri, na injini huzima kila mara. Maji yakiwa bado baridi, hita haina cha kukupa. Endesha dakika chache, kisha jaribu tena. Na ukiacha joto likiwa juu kabisa, injini itaendelea kunguruma hata umesimama, kwa sababu gari linachoma petroli ili kupasha yale maji. Shusha hadi 22 hivi, utaona injini inapumzika. Kioo cha mbele kikishika ukungu, kitufe cha kukisafisha kinaweza kuwasha A/C hata kama kuna baridi. Usikizime haraka: A/C hapo inakausha hewa.

Ubaridi ni hadithi nyingine. Kompresa ya A/C inazungushwa na umeme wa betri kubwa, si mkanda wa injini. Ndiyo maana kwenye jam ya Mlolongo injini inazima na bado unapata upepo baridi. Betri ikishuka, injini inajiwasha kuichaji. Lakini wengi wetu tuna tabia ya kuweka gia N tukisubiri. Kwenye N betri haichajiwi, na A/C inaendelea kuila. Kaa kwenye D ukikanyaga breki, au weka P. Ukibonyeza ECO, A/C inapunguzwa nguvu ili kubana mafuta. Ukiona baridi imefifia, angalia kitufe hicho kabla ya kulalamika.

Kuna jambo moja la hatari. Kwa sababu injini hujiwasha yenyewe, usilale ndani ya gari lililowashwa kwenye gereji iliyofungwa. Moshi wake unaua, na hautaiskia ikianza.

Pia tazama pembeni mwa kiti cha nyuma, kuna tundu la kuingiza hewa ya kupoza betri. Ukilifunika kwa gunia la maembe, au likijaa vumbi, betri inapata joto na maisha yake yanapungua. Hewa hiyo ni ile ile ya ndani ya gari, kwa hivyo jua likiwaka, A/C inaisaidia betri pia.

Sasa, kama A/C kweli imekataa, hapa ndipo pesa hupotea. Kompresa za umeme za Toyota hutumia mafuta aina ya ND-11. Mafuta ya kawaida ya A/C yanaharibu kinga ya umeme ndani ya kompresa, na kujaza gesi kwa bei poa kunaweza kuishia kununua kompresa nzima. Muulize fundi swali moja: utatumia mafuta gani? Akijibu "yoyote tu, gari iko sawa," ondoka. Na nyaya za rangi ya machungwa zisiguswe na mtu asiyefunzwa kazi ya haibridi.

Ukikubaliana naye, lipa gharama ya kupima kwanza, si kazi yote. Lipa kwa till ya gereji badala ya namba ya mtu, na usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Jina likiwa tofauti na la gereji, simama uulize. Pesa ya spea tuma baada ya kuonyeshwa spea yenyewe, na risiti iandikwe aina ya mafuta yaliyowekwa. Ile meseji ya malipo usiifute. Kompresa ikigoma tena baada ya wiki mbili, ndiyo itakayoonyesha ulilipa nani, lini na ngapi.