Somo la Toleo Hili: Mkubwa wa Kazi Akichoka, Ofisi Nzima Huchoka

Miasenyi ni kituo kidogo kando ya barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, na pia ni stesheni ya reli ya SGR kati ya Mariakani na Voi. Katika vituo vya ukubwa huu, huduma za umma huwa mikononi mwa watu wachache: mwalimu mkuu, muuguzi msimamizi wa zahanati, chifu na naibu wake, mwenyekiti wa mradi wa maji. Msimu wa kiangazi, chifu anaweza kupigiwa simu usiku kwamba ndovu wamevunja tangi la maji au wameingia shambani, na asubuhi bado anatarajiwa barazani. Mmoja wa viongozi hawa akilemewa, ni vigumu kupata wa kushika nafasi yake.

Somo hili linahusu jambo ambalo wengi huliona la mtu binafsi: afya na utulivu wa kiongozi. Hoja yake ni moja. Mapumziko ya kiongozi ni sehemu ya huduma anayopata mwananchi.

Hisia za mkubwa huambukiza

Mwaka 2005, watafiti Thomas Sy, Stéphane Côté na Richard Saavedra walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha vikundi 56. Kabla ya kazi kuanza, viongozi wa vikundi walionyeshwa filamu: baadhi ya kuwachangamsha, wengine ya kuwatia huzuni au hasira. Kisha kila kikundi kiliambiwa kisimamishe hema huku wanakikundi wamefungwa vitambaa machoni.

Wanakikundi walichukua hisia za kiongozi wao. Vikundi vya viongozi waliochangamka vilishirikiana vizuri zaidi. Vile vya viongozi wenye hisia mbaya vilitumia nguvu nyingi zaidi, lakini uratibu wao ulikuwa duni. Hapo pana funzo kwa anayeamini kwamba ofisi huendeshwa kwa ukali: ukali unaweza kuwatoa watu jasho bila kazi kwenda sawa.

Mwaka 2010, watafiti wakiongozwa na Janne Skakon walipitia tafiti za miongo mitatu kuhusu suala hili. Waliona kwamba msongo wa kiongozi na namna anavyowatendea watu wake vinahusiana na msongo na ustawi wa wafanyakazi wenyewe.

Jinsi mzigo unavyomfikia mwananchi

Chukua mfano wa zahanati yoyote ya mashinani. Msimamizi hajalala vizuri kwa wiki tatu. Mfanyakazi anapomweleza tatizo, anajibiwa kwa ukali. Wiki inayofuata mfanyakazi huyo anagundua kwamba dawa fulani imebaki ya siku mbili tu, lakini ananyamaza kwa kuogopa kukaripiwa. Siku ya tatu mama anafika na mtoto mgonjwa na kuambiwa dawa imekwisha. Mama ataondoka akilaumu zahanati, bila kujua kwamba tatizo lilianza pale mfanyakazi alipoogopa kusema.

Njia ya pili ni mfano anaoutoa kiongozi. Mkubwa asiyekwenda likizo huwafanya walio chini yake waone aibu kuomba yao, hata kama hajawakataza. Njia ya tatu ni maamuzi. Kiongozi aliyechoka huahirisha mambo, au hushikilia kila ufunguo na kila sahihi kwa sababu hana nguvu ya kumfundisha mwingine.

Dalili za kuchoshwa na kazi

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya kuchoshwa na kazi kuwa tokeo la msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Shirika hilo halikuiorodhesha kama ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuidharau, na kuhisi kwamba hufanikishi lolote kazini. Kiongozi anayeziona kwake asizifiche. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nchini Kenya suala hili limefika hadi ngazi ya taifa. Ripoti ya mwaka 2020 ya jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga iliunganisha afya ya akili na furaha ya wananchi, na ikapendekeza kuundwa kwa tume ya afya ya akili na furaha.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 yenye malipo kamili baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Likizo si zawadi ya mkubwa kwa mdogo, na mkubwa aliyeajiriwa naye ana haki hiyo.

Tahadhari mbili

Kwanza, somo hili lisitumiwe kusema kwamba wakubwa ndio wanaoumia zaidi. Uchunguzi maarufu wa watumishi wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1967, unaojulikana kama Whitehall, ulionyesha kwamba watumishi wa ngazi za chini walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kikubwa kuliko wa ngazi za juu. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa kutokuwa na usemi juu ya kazi yako kunachangia. Kwa hivyo kiongozi anayejitunza hana budi pia kuwapa wenzake nafasi ya kuamua.

Pili, tabasamu la kujilazimisha si dawa. Pale wafanyakazi ni wachache au vifaa vinakosekana, ukweli huo usemwe na upelekwe kwa wahusika. Kiongozi mtulivu hatajaza pengo la muuguzi asiyeajiriwa, ila anaweza kuwafanya waliopo wasikate tamaa.

Hatua tano za kuanza nazo

1. Andaa ratiba ya likizo ya ofisi nzima mwanzoni mwa mwaka, jina la kiongozi likiwemo.
2. Chagua mtu wa kukaimu na umfundishe kabla hujaondoka. Ukiwa likizoni, mwachie afanye kazi.
3. Kubalianeni ni simu za aina gani zipigwe usiku. Dharura ipigwe saa yoyote; barua ya utambulisho inaweza kusubiri asubuhi.
4. Siku ukiamka vibaya, waambie wenzako mapema: "Leo sijisikii vizuri, si kosa lenu." Maneno hayo huwaondolea wasiwasi.
5. Anayeleta habari mbaya mapema mshukuru mbele ya wenzake.

Dalili zikiendelea, tafuta ushauri katika kituo cha afya kilicho karibu. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo.

Maswali ya kujadili ofisini, shuleni au kwenye chama

Kiongozi wetu alienda likizo lini mara ya mwisho, na kazi ilisimama wapi? Ni habari gani tunaogopa kumpelekea? Ni uamuzi gani mdogo ambao mtu mwingine angeweza kuufanya kuanzia wiki hii?

Mkazi naye ana sehemu yake. Akifika ofisini na kuambiwa kwamba msimamizi yuko likizo, aulize anayekaimu ni nani. Akihudumiwa vizuri, ajue kwamba kiongozi huyo amefanya kazi yake hata kabla ya kuondoka.